Glavu Mezani pa Bwana

Nyumbani,
3 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi za upendo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mgongo wako uliokuwa ukikusumbua. Mimi sijambo, ila magoti. Magoti yangu siku hizi yanaongea kuliko mimi, na unajua si kazi rahisi kunishinda kwa maneno.

Ni mwaka mmoja na miezi saba tangu uhame. Mara kadhaa nilishika kalamu, nikaiweka chini. Leo nimepata sababu, tena ndogo, ndiyo maana nimethubutu.

Kile kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, chenye darizi ya zabibu pembeni, kimemwagikiwa divai. Tumekifua mara nne na doa liko pale pale, limegeuka rangi ya ini. Kila mmoja ana shauri lake, na mimi mwenyekiti wa akina mama ndiye ninayetazamwa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba miaka kumi uliyohudumu meza ile hakuna aliyewahi kuona doa. Hatukujua hata kama divai huwa inamwagika. Sasa wewe umekuwa dobi wa hospitali nzima, hutakosa dawa.

Habari za kanisa: tumepata mchungaji mpya, mtu wa kusikiliza kuliko kuhubiri. Msiba wa Sindano, fundi wetu wa nguo, nadhani ulikufikia. Tulikutazamia mazishini mwezi ule wa kumi. Cherehani yake ameichukua mpwa wake.

Nijibu, hata kwa mistari miwili.

Ni mimi wifi yako,
Mwalimu


Hospitali, chumba cha kufulia,
19 Machi

Wifi Mwalimu,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima, mgongo haujambo. Pole na magoti.

Kuhusu kitambaa, msikitie tena klorini. Najua mmeshakitia, maana ndiyo akili ya kwanza inayomjia kila mtu. Klorini hula nyuzi za darizi kabla haijagusa doa. Kilowekeni kwenye maji baridi yenye chumvi tangu asubuhi mpaka saa nane. Maji ya moto msiyatumie, yanalipika doa likang'ang'ania. Kisha pakeni siki palepale penye doa, kwa vidole, kwa kupapasa, msisugue. Suuzeni, mrudie. Mara ya tatu litakuwa limefifia. Kianikeni juani kikiwa bado kinachuruzika. Kama kuna kivuli kitakachobaki, kiacheni. Kitambaa cha meza si lazima kionekane hakijawahi kutumika.

Na ndiyo, divai humwagika. Ilimwagika karibu kila mara.

Habari za Sindano zilinifikia. Sikuweza kuja.

Hapa kazi ni nyingi. Tuko wanawake sita na mashine tatu, na moja ya hizo ipo kwa ajili ya kuhesabiwa tu. Tunafua mashuka ya wodi zote. Sote tunavaa glavu ndefu mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo hakuna anayeulizwa kitu.

Wasalimie wanaoniulizia.

Mjane wa kaka yako


Nyumbani,
2 Aprili

Wifi yangu,

Salamu sana. Hapa hatujambo. Mvua imeanza, na paa jipya la kanisa linavuja juu kabisa ya kiti cha mgeni rasmi. Fundi anasema tatizo ni mabati, mimi nasema tatizo ni fundi.

Kitambaa kimesafika. Kivuli kimebaki kidogo, nami nimekiacha kama ulivyoagiza, ingawa ulijua kitanikosesha raha.

Umejiita mjane wa kaka yangu. Nilipofika hapo nilikaa ukingoni mwa kitanda. Miaka ishirini na miwili tumeitana wifi, hata siku tulizonuniana. Na lile la glavu nimelielewa, halikuhitaji maelezo. Lakini tuelewane, wifi. Mimi sikukufukuza. Yale mabaka meupe yalipozidi mikononi mwako, akina mama walilalamika kwamba hawajisikii vizuri kupokea kikombe kutoka kwako. Mwenyekiti ningefanya nini? Nilikuomba uvae glavu nyeupe siku za kuhudumu, na nilizitafuta mwenyewe, nzuri, za kitambaa laini. Ulizivaa Jumapili moja. Ya pili hukuja. Ya tatu nasikia umefunga nyumba umehama.

Nisikufiche mambo ya huku. Kanisa limekatika vipande viwili. Jengo jipya lilipofunguliwa tuliunda kamati ya unadhifu, nami nikaiongoza. Tulianza na sare ya akina mama. Kisha viatu. Kisha tukasema asiye na sare asikae mabenchi ya mbele, maana huko ndiko wageni wanakopiga picha. Wenye ndala wakawa wanakaa karibu na mlango, baadaye nje ya mlango, baadaye hawakuonekana. Wauza mboga, wafyatua matofali, wasukuma mikokoteni, wote. Siku hizi wanasali kwenye darasa la tatu la shule niliyokuwa nikifundisha, ng'ambo ya barabara. Jumapili tukianza kuimba nao wanaanza, nyimbo zinagongana katikati ya barabara na wapita njia wanacheka.

Wiki iliyopita mchungaji aliniuliza, "Mwalimu, hapa nani huwatembelea wagonjwa?"

Nikamwambia, "Alikuwa wifi yangu."

"Na sasa?"

Nikaanza kufunua daftari la kamati, kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Andika, wifi. Hata kama ni kunigombeza.

Wifi yako,
Mwalimu


Chumba cha kufulia,
25 Aprili

Wifi Mwalimu,

Salamu. Mimi mzima, nashukuru. Umesema niandike hata kwa kukugombeza. Basi kaa vizuri.

Glavu zilikuwa nzuri, sikatai. Nilizivaa Jumapili ile nikasimama na kikombe upande wa kushoto kama kawaida, Sindano upande wa kulia na sahani ya mkate. Nikapita benchi la kwanza na la pili. Kila mama niliyemkaribia nilimuuliza kimoyomoyo, ni wewe? Aliyeinamisha macho nikasema ni yeye. Aliyenitazama nikasema anataka kuona kama nimezivaa. Unajua inavyokuwa kumpa mtu kikombe cha Bwana huku unamchunguza kama mwizi?

Nikafika kwa mzee mpiga kengele. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo huwa anaushika kwanza mkono wa anayemhudumia, ndipo apokee kikombe. Akashika. Akasita. Akakipapasa kile kitambaa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umeungua?"

Nikamwambia, "Ndiyo, baba. Maji ya moto."

Akasema, "Pole sana. Nitakuombea."

Nimedanganya mara nyingi maishani, wifi. Nimemdanganya mwenye nyumba, nimemdanganya kaka yako juu ya bei ya viatu vyangu. Lakini sikuwahi kudanganya nikiwa nimeshika kikombe kile. Na yule mzee akaenda zake nyumbani kuniombea kwa kidonda ambacho hakipo. Hicho ndicho kilichonizuia kurudi. Mabaka nimeyazoea, na glavu nazivaa kila siku.

Tena mikono hii unaijua. Miaka mitatu aliyolala mama yenu kitandani, mikono hii ndiyo iliyomgeuza na kumwosha. Mabaka yalianza wakati ule, kwenye vidole. Mama aliyaona kabla yangu. Alikuwa akivishika vidole kimoja kimoja, anasema hili limefanana na wingu la mvua, hili la kiangazi, kisha ananiambia kama nianike nguo au niache. Daktari wa hapa amesema ni rangi ya ngozi tu imeondoka, haimwambukizi mtu. Ningekuambia na wewe kama ungeniuliza. Hukuuliza.

Hao akina mama siwakasirikii tena. Sikujua ni nani na nani, kwa hiyo niliwaacha wote.

Tafadhali usiniandikie tena habari za mabati. Aibu yangu ilipita mbele ya kanisa zima, benchi kwa benchi. Kama una neno juu yake, lipitishe huko huko. Bahasha haitoshi.

Mjane wa kaka yako


Nyumbani,
14 Agosti

Wifi,

Natumaini u mzima. Mimi mwili haujambo. Nimechelewa kukujibu zaidi ya miezi mitatu, na si kwa sababu ya kazi. Nilikuwa naogopa.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kanisa. Mchungaji alikuwa amewaalika wale wa darasani tusali pamoja, na nusu yao walikuja, wakasimama kando ya ukuta ingawa mabenchi yalikuwa wazi. Nilimwomba mchungaji dakika tano. Alidhani ni matangazo ya sare. Nakuandikia nilichosema, sipunguzi kitu.

Nilisema, "Wapendwa, mnamkumbuka wifi yangu aliyekuwa akihudumu meza hii. Mlimwona siku moja amevaa glavu, kisha hamkumwona tena. Nilimwambia kwamba akina mama mmelalamika juu ya mikono yake. Hakuna mama hata mmoja aliyelalamika. Ni mimi."

Ndiyo, wifi. Mimi mwenyewe nilipolitamka nilihisi kama anasema mtu mwingine. Hakuna aliyenijia, hakuna aliyenong'ona. Hata kwenye barua ya Aprili nilikuandikia tena uongo ule ule, kwa mwandiko safi wa mwalimu.

Kwa nini? Wageni wa makao makuu walikuwa wanakuja kufungua jengo, nami nilitaka kila kitu king'are. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Iliyo chini yake ni hii. Wiki ya mwisho ya mama, siku moja ulikuwa umetoka, nikaja mimi kumwosha. Nilipomgeuza aliguna, akanisukuma kwa ule mkono uliobaki na nguvu. Akasema, "Niitie mke wa mwanangu. Wewe mikono yako ina haraka." Mimi, mtoto wake wa kumzaa. Sikumwambia mtu. Lakini kila nilipokuona mbele ya kanisa umeshika kikombe kwa mikono ile, neno lile lilinirudia kama limesemwa jana. Mabaka yalipoenea nikapata pa kukushikia.

Katibu wetu wa akina mama akainuka, akasema, "Mwalimu, umetutia sote kwenye uongo wako. Miaka miwili najiuliza yule dada nilimkosea nini hata wiki ile ya mwisho alinikuta njiani akageuza shingo." Akachukua mkoba wake akatoka, na wengine sita wakamfuata.

Kisha mzee mpiga kengele akauliza kutoka benchi la tatu, "Kwa hiyo hakuungua?"

Nikasema, "Hapana, baba."

"Mimi bado nauombea ule mkono," akasema.

Nimeacha uenyekiti. Kamati nayo imekufa. Niliitisha kikao cha kuivunja na hakuna aliyekuja. Wale wa darasani wamerudi darasani kwao. Nilidhani nikisema ukweli tutakuwa kitu kimoja siku hiyo hiyo. Haikuwa hivyo. Tuliketi miaka tukitazamana mavazi, na sasa tumejikuta hatujuani.

Nakuomba msamaha. Hata kwa huo sikuharakishi.

Wifi yako


Chumba cha kufulia,
30 Agosti

Wifi,

Leo sitakuuliza hali. Barua yako nimeisoma nimesimama katikati ya mashine, nikaisoma tena nimekaa juu ya rundo la mashuka. Mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, wa zamani.

Hilo la mama ningelielewa. Ungeniambia wakati ule ningekueleza ni mara ngapi alinisukuma na mimi, na kwamba mwezi wa kwanza aliniita jambazi mbele ya jirani. Tungecheka mpaka tushikane mbavu. Maneno ya mgonjwa yule hayakuwa wosia, wifi.

Lakini Sindano.

Unajua Sindano alikuwa nani kwangu. Ndiye aliyeshona gauni langu la harusi, na ndiye aliyeshona nguo yangu nyeusi siku tulipomzika kaka yako, akakataa nisimame kupimwa, akasema vipimo vyangu anavyo kichwani. Miaka kumi tulihudumu pamoja, yeye mkate, mimi kikombe. Nilipohama aliniandikia barua tatu. Ya kwanza niliisoma nusu. Ya pili niliisoma yote nikitafuta mahali atakapokiri kwamba naye alikuwa mmoja wao. Hakukiri, nikamwita mnafiki. Ya tatu sikuifungua. Hakuna hata moja niliyomjibu.

Habari ya kifo chake iliponifikia nilikuwa na siku mbili za mapumziko. Ningeweza kuja, wifi. Nilikuandikia kwamba sikuweza, na huo ni uongo wangu mwingine. Nilikaa hapa nikapiga pasi mashuka ya wodi nzima, zamu isiyokuwa yangu, nikijiambia atazikwa na wale aliolalamika nao.

Nafasi ya kanisani si kitu, Mungu atampa mwingine. Umeniondolea dada. Nimemwacha afe akidhani namchukia, kwa kosa ambalo halikuwahi kuwepo duniani.

Nijibu swali moja, na safari hii usinipambie maneno. Alipokuwa mgonjwa, Sindano aliniulizia?

Mke wa kaka yako


Nyumbani,
12 Septemba

Wifi,

Aliuliza.

Nilikwenda kumwona siku tano kabla hajafariki. Alikuwa amekonda sana, lakini futi yake ya kupimia alikuwa nayo shingoni, anasema bila hiyo anajiona hajavaa. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ni wifi yake, utakuwa unajua. Nilimkosea nini?"

Nilikuwa nimekaa kitandani kwake, goti langu limegusana na lake. Maneno mawili yangetosha, si wewe. Nilishafungua mdomo. Nikamwambia, "Hujamkosea kitu. Ana kazi nyingi tu huko."

Akageukia ukutani. Akasema, "Kazi haimzuii mtu kuandika." Baadaye akaomba maji, nikampa, na tukazungumza habari za mvua.

Hili ndilo lililonifanya niogope ile miezi mitatu. Yale ya kanisani niliyasema mbele ya watu mia mbili, nikashuka na bado nikala chakula cha mchana. Hili sijawahi kulisema popote. Hata kwenye maombi nilikuwa nalipita pembeni.

Sina la kujitetea.

Wifi yako


Nyumbani,
6 Desemba

Wifi yangu,

Salamu. Sijui kama barua zangu bado zinafunguliwa, na zisipofunguliwa sitanung'unika. Natumaini mgongo haujakusumbua kwa baridi ya huko, na kwamba ile mashine ya tatu imepata fundi.

Siandiki kukukumbusha jibu. Nimezoea tu kukueleza mambo.

Nimeanza kusali na wale wa darasani. Jumapili ya kwanza nilifika mapema nikasimama mlangoni, sikujua niketi wapi. Mfyatua matofali mmoja, niliyemfundisha kusoma humo humo darasani, akanisogezea dawati. Nikamwambia nitakaa nyuma. Akasema, "Mwalimu, hapa hatuna nyuma. Kaa tu." Nilikaa kwenye dawati la mtoto wa miaka tisa, magoti yamenifika kidevuni, na hakuna aliyeketi karibu nami. Jumapili ya tatu mama mmoja muuza mboga aliketi. Hakunisalimia, lakini aliketi.

Wanahudumu meza kwa vikombe vya bati. Mtu yeyote anashika, na mikono ya humo, wifi, ina udongo wa tanuri, ina nyufa, ina rangi ya majani ya mboga isiyotoka kwa sabuni. Nilipopokea mara ya kwanza niliitazama yote kabla ya kunywa. Nilikuwa nawaza ningewatafutia glavu ngapi.

Mzee mpiga kengele amelala kitandani tangu mwezi wa kumi, hana wa kumtazama. Naenda Jumanne na Ijumaa kumwosha. Sijui kazi hiyo. Namlowesha mpaka shuka, namgeuza vibaya. Juzi aliniambia, "Taratibu, mwanangu. Mimi siendi popote." Nikatoka nje kumwaga maji, nikakaa huko kidogo.

Mchungaji anavuka barabara kila Jumapili, anahubiri pande mbili, viatu vyake vimeisha soli. Anasema hatachoka kabla yetu. Wale akina mama saba waliotoka siku ile, wawili wamenipigia hodi, katibu akiwa mmoja wao. Watano bado.

Ubaki na amani.

Wifi yako


Chumba cha kufulia,
17 Februari

Wifi, shikamoo.

Mimi mzima. Barua zako zote nimezisoma. Ile ya Septemba niliisoma mara moja tu na sidhani kama nitairudia.

Barua ya tatu ya Sindano nimeifungua. Ilifika Januari ndipo nikapiga moyo konde. Nilijiandaa kwa lawama, na hamna lawama hata mstari mmoja. Anasema mvua zimechelewa. Anasema paka wake amezalia kwenye kapu la vitambaa na sasa wateja wanalalamika kuhusu manyoya. Mwishoni anasema amenishonea blauzi ya kijani, "mikono mifupi, maana ukihudumu huwa unatokwa jasho". Mikono mifupi, wifi. Alikuwa akiniona kila Jumapili, amesimama kando yangu, mabaka yote yako wazi, na haikumjia kichwani kabisa kwamba mimi ni mtu wa kufunikwa. Blauzi yenyewe sijui iliishia wapi. Usimuulize mpwa wake. Niache nibaki nayo hivyo.

Sasa nami nina la kukiri.

Jumapili ya pili ya mwezi huu nilikuja. Sikumwambia mtu. Nilishuka stendi asubuhi nikaenda kwanza makaburini, nikamtafuta kwa kusoma kibao kimoja kimoja. Nilimweleza yote kwa sauti, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina mtu wa kunirudisha nyumbani.

Kisha nikaenda shuleni. Nilitaka kujua kama uliyoyaandika ni kweli au ni mwandiko mzuri tu. Ibada ilikuwa imekwisha. Nilisimama nyuma ya dirisha la darasa nikakuona. Ulikuwa unasuuza vikombe vya bati kwenye beseni pamoja na yule katibu, mnabishana kama maji yanatosha, na kitambaa chako cha kichwani kimekwenda upande na hukujali. Umezeeka, wifi. Hakuna aliyeniandikia kwamba umezeeka.

Hatua kumi hazikufika kati yetu. Nilitakiwa kuita tu, "Wifi." Sikuita. Nilikutazama ukiosha, na kuna mahali moyoni palipofurahi kwamba umeinama, na kwamba hujui kama utasamehewa. Nilitaka ukae hivyo hivyo kidogo zaidi. Nikageuka, nikapanda basi la saa saba.

Basi lilipovuka daraja ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sindano naye alikuwa karibu hivyo, nilikuwa na barua yake kwenye sanduku chini ya nguo zangu. Ile mara ya kwanza nina wa kumlaumu, nawe umekubali lawama. Hii ya juzi ni yangu peke yangu. Hakuna aliyeniambia uongo. Nilikuona kwa macho yangu, na nikaondoka.

Sisemi yamekwisha. Ziko asubuhi naamka nimekusamehe, nikifika kazini nimeghairi. Lakini sitaki kukuzika na wewe kwa kunyamaza.

Mwezi wa nne nina likizo ya wiki moja. Nitakuja kwako, mchana kweupe, na nitabisha hodi. Usiwaambie watu, usipike vya wageni. Nikifika nikasimama mlangoni bila neno, usinisemeshe. Nipe kiti kwanza.

Wifi yako